Kioo Namba 417

Kila mwaka, wanafunzi wapya wa udaktari, uuguzi na maabara walipofika hospitalini walipewa vitu vitatu: koti jeupe lisilowatosha, orodha ndefu ya makatazo, na somo la Bwana Nta. Koti walilirudisha, orodha waliipoteza. Somo walilikumbuka hadi wanastaafu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu aliicheka kansa kwa saa nzima na bado akaitwa mwalimu.

Bwana Nta hakuwa daktari, na alihakikisha kila mtu analijua hilo, maana wengi wa wajinga katika somo lake walikuwa madaktari. Yeye alikuwa fundi wa maabara. Kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa kililetwa mezani kwake ndani ya kichupa. Alikizamisha kwenye nta ya moto, kikaganda ndani ya kitofali kidogo kama kipande cha sabuni. Kitofali alikikata kwa mashine, tabaka jembamba kuliko ganda la kitunguu, akalilaza tabaka hilo juu ya kioo, akalipaka rangi. Daktari akatazama kwa hadubini na kutoa hukumu. Kitofali kikaenda kwenye droo, kioo kikaenda sandukuni, jina likabaki kwenye daftari. Miaka ishirini hivyo, na mkono wake ulikuwa haujawahi kukosea.

"Tuanze na watu wa kale kabisa," alikuwa akifungua somo, mikono mfukoni. "Tabibu mmoja, maelfu ya miaka iliyopita, aliona uvimbe kwenye titi, akaueleza vizuri mno. Alipofika mahali pa kuandika tiba, akaandika kwamba hakuna. Mshikeni sana huyo mzee, kwa sababu ndiye mkweli wa mwisho mtakayekutana naye leo. Baada yake wakaja wasomi."

Neno wasomi alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Wasomi, alisema, waliona mishipa iliyotapakaa kuuzunguka uvimbe, wakasema ni miguu ya kaa, na ugonjwa ukabaki na jina la kaa mpaka leo. Kisha wakatangaza chanzo chake: nyongo nyeusi imezidi mwilini. Kwa zaidi ya miaka elfu moja hakuna aliyeiona hiyo nyongo nyeusi, na hakuna aliyeona haja ya kuitafuta. Mgonjwa alitolewa damu, akaharishwa, akanyimwa chakula. Akifa, basi hakuharishwa vya kutosha. Wengine wakaleta chuma cha moto. Wengine wakaleta malhamu ya aseniki, ile sumu ya kuulia panya, wakiamini kansa ina akili za panya. Baadaye sana wakaja wapasuaji waliokata titi, wakakata misuli iliyo chini yake, na wengine wakazifuata na mbavu. Mgonjwa alitoka chumbani akiwa nusu, na kitabuni ikaandikwa kwamba upasuaji umefana. Mionzi ilipogunduliwa, matajiri waliuziwa maji yenye madini ya mionzi wayanywe asubuhi kwa afya njema, na wako walioyanywa mpaka taya zikaoza. Dawa ya kwanza ya kansa iliyoingia mwilini kwa sindano ilizaliwa kutoka kwenye sumu ya vitani, kwa hiyo msiwadharau sana wanajeshi.

"Na kila mmoja wao," Bwana Nta alisema, akiinua kidole, "alikuwa na uhakika."

Darasa lilikuwa linacheka tangu kwenye nyongo. Lakini kilele kilikuwa bado. Alichomoa bahasha ndogo ya kaki kutoka mfuko wa koti, akatoa kioo, akakiweka kwenye mashine ya kuonyeshea, na ukutani pakatokea picha kubwa ya rangi ya waridi na zambarau.

"Msidhani wajinga wote walifia huko mbali. Huyu ni wa hapa hapa, jengo hili hili. Kioo namba 417. Sikilizeni bahasha inavyosema: 'Mwanamke. Utumbo mpana. Hakuna kansa. Mgonjwa ana wasiwasi uliozidi.' Haya, tazameni wenyewe. Hizo chembe zilizorundikana kama watu wanaogombea mlango, hata mpishi wa kantini angezishuku. Huyu mama alikuwa na kansa ya kumtosha yeye na majirani, na daktari akamwandikia wasiwasi!"

Hapo ndipo walipoanguka kabisa. Walicheka mwaka wa kwanza, wakacheka wa kumi na saba, na Bwana Nta alikisubiri kicheko hicho kama mwimbaji anavyosubiri makofi.

Mwaka huo wa kumi na saba, wiki mbili baada ya somo, kichupa kilifika mezani kwake kikiwa na jina la dada yake.

Dada huyo, mshonaji, alimzidi miaka mitatu tu, lakini ndiye aliyemlea. Mama yao alikufa yeye akiwa na miaka sita na dada tisa, baba akaendelea na safari zake za kazi, na msichana wa miaka tisa akajifunza kupika kwa kupanda juu ya ndoo. Sasa alikuwa na watoto watatu wakubwa na cherehani mbili. Kwa miezi minane alikuwa anaona damu chooni na hakumwambia mtu, kwa kuwa mambo ya chooni hayatolewi taarifa, hata ukiwa na mdogo wako ambaye kazi yake ni hiyo. Na mdogo wake, bingwa wa kuwacheka waliochelewa kuona, alikula kwake kila Jumapili akamwambia amependeza kwa kupungua.

Kinyama alikikata mwenyewe. Aliona hukumu kabla ya daktari kuandika. Safari hii mkono ulikosea, ikabidi akate mara mbili.

Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, aliwakuta wodini baada ya wiki mbili: dada kitandani, Bwana Nta kwenye kiti, na mama yao mdogo miguuni pa kitanda akimenya chungwa ambalo mgonjwa hakuwa amelitaka.

"Katika familia yenu, kuna mwingine aliyewahi kuumwa hivi?" daktari aliuliza.

"Hakuna," alisema Bwana Nta.

"Hakuna," alisema dada.

"Na mama yenu?" alisema mama mdogo, macho kwenye chungwa.

"Mama alikufa kwa tumbo, mama mdogo."

"Na hili ni nini? Goti?"

Mama mdogo aliendelea kumenya. "Mlikuwa wadogo, ndiyo maana hamjui. Alilazwa hapa hapa. Wakamkata kinyama, wakasema wanakwenda kukipima. Majibu yalipotoka wakamrudisha nyumbani, wakasema si ugonjwa wa kutisha. Miezi mitano, tukazika. Mimi nilikuwa kwenye uzazi, wiki hiyo hiyo waliyomkata ndiyo niliyojifungua kitinda mimba wangu. Sikwenda hata kumwona."

Mtu aliyetazama vinyama vya watu zaidi ya elfu ishirini alikuwa hajawahi kujiuliza mama yake alikufa kwa nini. Alimtazama dada, na dada akatazama dirisha.

Daktari alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo manesi walijua si dalili njema. Alieleza taratibu. Damu ya dada ilikuwa imepimwa, ikaonekana ina badiliko moja la jeni ambalo hakuna hospitali iliyowahi kuliandika popote. Huenda ndilo lililoleta kansa, huenda halina maana yoyote, kama alama ya kuzaliwa. "Ikiwa ni la urithi, sitoi kipande tu, natoa utumbo mpana wote, la sivyo kansa itaota tena palipobaki. Ikiwa si la urithi, nikiutoa wote nitakuwa nimekuharibia maisha bure. Na watoto wako watatu, na huyu mdogo wako, lazima wajue kama wamo kwenye foleni au hawamo. Nikipata kinyama cha mama yenu nikalikuta badiliko lile lile kwenye kansa yake, basi najua." Akamgeukia Bwana Nta na, kwa mara ya kwanza, akatabasamu. "Bahati nzuri mmezaliwa kwenye nyumba yenye hazina. Nasikia maabara yenu haitupi kitofali. Nakusubiri wiki tatu."

"Nitatafuta," alisema Bwana Nta.

Alijua alichokwisha kufanya. Jina lenyewe aliloitwa hospitali nzima lilikuwa limetokana nacho.

Katika mwaka wake wa pili kazini, nta iliisha. Waliandika barua kuomba nyingine, wakajibiwa kwamba ombi linashughulikiwa, yaani msahau. Vichupa vya wagonjwa vikarundikana mpaka kwenye ngazi. Ndipo kijana yule mpya, mwenye akili nyingi kuliko umri wake, alipofungua stoo na kuona maelfu ya vitofali vya zamani vimelala kwenye droo bila kazi. Nta ni nta, alisema. Akaweka sufuria motoni, akatia vitofali, vikayeyuka, akachuja kwa shashi. Nta ikatoka safi. Vinyama vikabaki kwenye shashi kama majani ya chai, akavitupa. Alianza na vya zamani zaidi, kwa adabu. Vioo navyo vilipopungua, akaloweka masanduku mazima kwenye maji ya sabuni, akasugua vikang'aa.

Mzee mmoja wa maabara alimuuliza, "Kijana, vya watu hivi?"

"Vya watu gani, mzee? Wenyewe wamekufa."

Tusimwonee: kwa miezi saba, wagonjwa zaidi ya mia tisa walipata majibu kwa nta ile, na wapo wanaotembea leo kwa sababu yake. Uongozi ulimpa Cheti cha Ubunifu, chenye muhuri na utepe, naye akakipigilia ukutani juu ya meza yake. Akapata na jina.

Alikwenda stoo hata hivyo, akafungua taratibu droo ya mwaka aliokufa mama yake, kama mtu asiyejua kilichomo. Mlikuwa na saa mbovu ya ukutani na waya za redio.

Daktari alimfuata maabara baada ya siku tatu.

"Vilipotea," alisema Bwana Nta, utadhani vitofali vilikwenda matembezini.

"Vilipotea vipi?"

"Viliyeyushwa."

"Na nani?"

Daktari aliinua macho, akakisoma cheti ukutani kuanzia muhuri mpaka utepe, bila haraka.

"Na vioo?"

"Vilioshwa."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

"Basi nitakata kwa kubahatisha," alisema daktari. "Kama wale wa kwenye somo lako. Mimi pia nilikaa darasani kwako, unajua. Nilicheka sana." Akaondoka.

Siku hiyo Bwana Nta hakula. Jioni, watu wakifunga ofisi, aliomba ufunguo wa chumba cha kumbukumbu nyuma ya chumba cha dobi, mahali daftari za zamani zilipokuwa zinaliwa na mchwa kwa utaratibu. Hakuwa na sababu ya kitaalamu. Vinyama havikuwepo na daftari haiwezi kupimwa. Alitaka tu kuona kama waliliandika jina la mama yake sawasawa.

Alikuwa na mwaka, na siku ya kuzaliwa ya yule kitinda mimba wa mama mdogo. Akashuka kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akalikuta. Jina lilikuwa limeandikwa sawasawa, kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu. Miaka thelathini na minane. Utumbo mpana. Hakuna kansa. Kisha kidole chake kikarudi kushoto, kwenye safu ya namba, kwa mazoea tu.

417.

Alisoma tena. Akatoa miwani, akaifuta kwa koti, akasoma tena. Mwaka ulikuwa umeandikwa kwenye bahasha siku zote, naye akauruka mbele ya madarasa kumi na saba. Mwaka aliokufa mama yake. Mtu akiamua kuchekesha, hana nafasi ya kuhesabu.

Akakumbuka ile siku ya sabuni. Alikuwa anamwaga vioo kwenye beseni, sanduku baada ya sanduku, akaona bahasha moja yenye maneno 'wasiwasi uliozidi', akacheka peke yake, akaitia mfukoni. Maelfu yalikwenda kwenye povu. Kilibaki kimoja, na kilibaki kwa sababu kilimchekesha.

Bwana Nta alikaa sakafuni kati ya daftari na akalia kwa aibu, kwa sauti, mpaka dobi akaja kuuliza kama ameangukiwa na rafu.

Asubuhi alikwenda wodini.

"Nimempata mama," alisema.

Dada alijiinua kwenye mto. "Wapi?"

"Mezani kwangu. Droo ya juu. Yuko humo tangu mwaka ule wa nta."

"Anafanya nini humo?"

Akamweleza. Alimweleza yote, sufuria, sabuni, bahasha, darasa, bila kujitetea, jambo ambalo kwake lilikuwa jipya. Dada alisikiliza huku anakunja na kukunjua pindo la shuka, kama anayetafuta mahali pa kuanzia mshono.

"Walikuwa wanacheka nini?" aliuliza mwishoni.

"Wanamcheka daktari aliyeandika."

"Na wewe ulikuwa unasemaje, mpaka wacheke?"

"Dada, acha."

"Sema."

Alitazama viatu vyake. "Nilisema alikuwa na kansa ya kumtosha yeye na majirani."

Dada aliliachia pindo la shuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha hata kukohoa.

"Ulikosea hapo tu, mdogo wangu," alisema. "Si majirani. Ni watoto."

Kisha akanyoosha mkono, akaomba aone. Bwana Nta akampa kioo. Dada alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona doa la waridi lisilozidi ukucha. Nyumbani kwao hapakuwa na picha ya mama hata moja. Alikishika kwa vidole viwili, pembeni, kama mtu aliyefundishwa.

"Mdogo hivi," alisema. "Haya, mpeleke akafanye kazi."

Ili kipimwe, ilibidi kikwanguliwe chote, na wa kukikwangua alikuwa yeye, hakuna mwingine mwenye mkono huo. Alikwangua kwa wembe mpya, chembe kwa chembe, akazitia kwenye kichupa na kuandika namba na, safari hii, jina. Kioo kilibaki kitupu, safi kabisa, hakina tofauti na vile alivyoviosha.

Majibu yalirudi siku ya kumi na tisa. Badiliko lilikuwepo. Daktari aliutoa utumbo mpana wote, na alipokata aliukuta uvimbe wa pili, mdogo, mahali ambapo asingefika kama angekata kwa kubahatisha. Dada alirudi kwenye cherehani zake baada ya miezi mitatu, akilalamika kwamba sasa anaishi chooni, na kwamba bora kuishi chooni kuliko pengine. Watoto wake wakaitwa, mmoja mmoja, kutoa damu. Wawili walikuwa salama. Binti wa mwisho hakuwa salama, na alianza kufuatiliwa akiwa na miaka ishirini na mbili, mzima wa afya.

Mjomba wao hakwenda. Wiki hii kazi nyingi, wiki ijayo mashine imeharibika. Alitoa sababu zote alizozicheka kwa wengine, kwa mpangilio ule ule, mpaka dada akampigia simu: akitaka chakula cha Jumapili aje na karatasi ya maabara.

Ukafika mwaka wa kumi na nane wa somo. Aliwapitisha wanafunzi wapya kwa mkweli wa mwisho, kwenye kaa, kwenye nyongo, kwenye chuma na aseniki, mpaka kwenye maji ya mionzi. Walicheka mahali pale pale. Mwisho mkono wake ukaingia mfukoni mwa koti kwa mazoea, ukatoka mtupu.

"Mwalimu," alisema msichana wa mbele, "tumeambiwa kuna kioo cha kuchekesha."

"Kilikuwepo. Kimekwenda kazini." Akasafisha koo. "Badala yake nitawaambia habari za fundi mmoja. Wa hapa hapa, jengo hili hili. Nta ilimwishia, akachukua vinyama vya watu waliokufa, miaka na miaka ya vinyama, akaviyeyusha kwenye sufuria akachuja kama chai. Vioo akaviosha kwa sabuni. Akaulizwa, vya watu hivi? Akasema wenyewe wamekufa." Akainua kidole. "Na alikuwa na uhakika."

Darasa lilicheka mpaka kiti kimoja kikaanguka. Kijana wa nyuma, akijifuta machozi, akauliza, "Na huyo mjinga alipewa adhabu gani?"

"Alipewa cheti."

Walicheka zaidi ya walivyowahi kumcheka yeyote katika somo lile, na Bwana Nta alisimama mbele yao akasubiri wamalize. Kisha akavua koti, akaanza kukunja mkono wa shati, akasema somo limekwisha. Saa nane alitakiwa kwenye dirisha la kutolea damu, na foleni yake huwa ndefu.